Konjaki jikoni: namna ya kuiosha, kuipika na kuila bila kujiumiza

Kila baada ya siku chache napata ujumbe wa aina ileile. Mmoja kanunua tambi za konjaki, kafungua pakiti, shombo ikampiga puani, akazitupa zote. Mwingine kaletewa unga na mtu aliyetoka safari, anauliza achanganye vijiko vingapi. Wa tatu kameza vidonge vya konjaki kwa funda moja la maji, na sasa anahisi kitu kimemkaa kifuani. Huyu wa tatu ndiye aliyenifanya nikae chini niandike, maana jambo lake si la kuachia mtu ajifunze kwa makosa.

Mimi naishi Gunma, Japani. Zaidi ya asilimia 90 ya konjaki inayolimwa nchini humu hutoka mkoa huu, na mashamba yake nayapita kila siku. Huku huitwa konnyaku, na hakuna anayeinunua duka la dawa. Ni chakula cha kawaida: kwenye oden, ule mchemsho wa majira ya baridi, inakaa sufuria moja na mayai na figili nyeupe. Wazee husema konnyaku hushusha mchanga tumboni. Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha kuipika, na karibu kila ninachoandika hapa kimetoka jikoni kwake.

Konjaki ni nini hasa

Ni kiazi cha jamii moja na magimbi. Aliyewahi kumenya magimbi mabichi anajua yanavyowasha mikono. Konjaki mbichi inawasha kuliko hayo, kwa sababu ina chembechembe zenye ncha kama sindano ambazo huchoma ngozi na koo. Kwa hiyo hailiwi mbichi, wala haichemshwi ikaliwa kama muhogo. Viazi hukatwa vipande vyembamba, hukaushwa, husagwa, kisha wanga ambao ni mwepesi hupeperushwa kwa upepo. Kinachobaki ni unga mzito wa nyuzinyuzi zinazoitwa glukomanani. Unga huo ukikorogwa kwenye maji na kutiwa chokaa ya chakula, unashikana na kuwa konnyaku.

Onyo kwa walioko nyumbani: Afrika Mashariki ina mimea ya porini iliyo ndugu wa karibu wa konjaki, ile inayotoa ua moja kubwa lenye harufu ya mzoga. Ni ndugu tu, si yenyewe. Usichimbe kiazi chake ukajaribu maelekezo haya.

Faida zake, kwa ufupi

Glukomanani haimeng'enywi tumboni wala kwenye utumbo mwembamba. Inavuta maji mengi sana, inavimba na kuwa ute mzito. Ute huo hukufanya ushibe kwa chakula kidogo, huchelewesha sukari ya mlo kuingia kwenye damu, na hulainisha choo. Ikifika utumbo mpana, bakteria wazuri wa huko huila.

Mwaka 2010 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilipitia ushahidi na kukubali mambo mawili. La kwanza, gramu 4 za glukomanani kwa siku husaidia kuweka kolesteroli kwenye kiwango cha kawaida. La pili, gramu 3 kwa siku, zikigawanywa gramu moja moja kabla ya milo mitatu pamoja na glasi moja au mbili za maji, husaidia kupungua uzito kwa mtu ambaye tayari amepunguza kula. Nayarudia maneno ya mwisho: ambaye tayari amepunguza kula. Ukila pilau sahani mbili na soda kisha ukameza konjaki, uzito utabaki palepale.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Gramu 100 za tambi za konjaki zina nyuzinyuzi kama gramu 2.9 tu. Gramu 100 za maharage yaliyochemshwa zina gramu 6 au zaidi. Ndiyo, maharage yanaishinda konjaki, tena yana protini, madini ya chuma na vitamini, vitu ambavyo konjaki karibu haina kabisa. Konnyaku ni maji kwa asilimia kama 97. Sifa yake iko kwenye huo ute unaovuta maji, na kwenye wepesi wake: gramu 100 za tambi hizo zina kalori 7. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye vyakula vya asili. Hizo zitoke kwenye ugali wa dona, kunde, mboga za majani, ulezi na matunda. Konjaki iwe ya kuongezea hapo. Kama bei yake kwako ni ya kuumiza, nunua kunde na usijione umepungukiwa.

Kabla hujaanza: wewe ni wa kuila?

Muone daktari au mfamasia kwanza kama:

- Unatumia dawa za kisukari au sindano za insulini. Konjaki hupunguza kasi ya sukari kupanda, dawa nayo inashusha. Zikikutana, sukari yako inaweza kushuka kupita kiasi. Imewahi kuonekana pia kwamba glukomanani inapunguza kiasi cha glibenclamide, dawa mojawapo ya kisukari, kinachoingia mwilini. Usipunguze dawa kwa kukisia.
- Unameza dawa yoyote ya kila siku. Ute wa konjaki unaweza kuishika dawa. Dawa na konjaki vipishane kwa saa kadhaa, na mfamasia ndiye akupe muda kamili wa dawa yako.
- Una shida ya kumeza, una umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) mwembamba, au umewahi kuziba utumbo.
- Una mimba au unanyonyesha. Konnyaku kidogo ndani ya chakula ni jambo jingine, lakini vidonge na unga wa kunywa subiri upate ushauri.

Watoto wadogo wasipewe unga wala vidonge, na jeli za konjaki za vikombe vidogo ndiyo msithubutu kabisa. Jeli hizo hazilainiki mdomoni kama jeli za kawaida. Mtoto akiivuta kwa pumzi inaziba koo, na zimeua watu, watoto kwa wazee. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2002.

Na mtu aliyekonda, anayetoka kuugua, au asiye na hamu ya kula, asipewe konjaki hata kama anaipenda. Anahitaji chakula kinachojenga, na hii inamshibisha bure.

Vinavyohitajika

Konjaki huja kwa sura tatu, na maswali mengi yanatokana na kuzichanganya:

- Tambi, ambazo kwa Kijapani huitwa shirataki, yaani maporomoko meupe ya maji. Zinauzwa ndani ya maji, kwenye pakiti au mfuko laini.
- Mche, kama mche wa sabuni, mweupe au wa kijivu wenye madoadoa meusi. Madoadoa si uchafu wala ukungu, ni mwani uliosagwa.
- Unga mkavu. Vidonge ni unga huohuo ndani ya ganda.

Vifaa: chujio, sufuria, kikaango kisicho na mafuta, kisu, na mizani ndogo ya jikoni kama utatumia unga. Na maji ya kunywa yawe karibu.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, anza na tambi au mche. Hivyo vimeshakunywa maji yake kiwandani, haviendi kuvimbia kooni. Unga uje baadaye, na vidonge mimi sivishauri. Katikati ya miaka ya 1980 Australia ilipiga marufuku vidonge vya glukomanani baada ya watu kuzibwa umio. Kidonge kikivimba kabla ya kufika tumboni, kinavimba pale kilipo.

Kupika tambi, hatua kwa hatua

1. Fungua pakiti juu ya sinki na umwage maji yote. Shombo utakayoisikia ni ya kawaida, inatoka kwenye maji yale yenye chokaa. Haina maana kwamba zimeharibika. Tambi zilizoharibika huwa na uchachu, zinaanza kuyeyuka na kuacha ute mikononi, hizo tupa.

2. Zitie kwenye chujio, uzisuuze kwa maji yanayotiririka dakika mbili nzima huku ukizipekecha kwa vidole. Usizipitishe tu chini ya bomba mara moja.

3. Zikate kwa mkasi sehemu tatu au nne. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayowakinga na kukabwa. Tambi za konjaki hazikatiki kirahisi kwa meno. Ukimeza nyuzi ndefu, nusu iko kooni na nusu bado iko mdomoni.

4. Chemsha maji, tia chumvi kidogo, tumbukiza tambi kwa dakika mbili hadi tatu. Mwaga maji. Hapo shombo yote iliyobaki inaondoka.

5. Bandika kikaango kikavu jikoni, moto wa wastani, bila tone la mafuta. Tia tambi, ukizigeuzageuza kwa mwiko. Siku ya kwanza mama mkwe alinishika mkono nilipotaka kumimina mafuta, akaniambia: sikiliza. Tambi zikawa zinalia, mlio mwembamba kama kiatu kipya kwenye sakafu yenye maji. Mvuke ukapanda, kioo cha dirisha kikaingia ukungu. Baada ya dakika saba hivi mlio ukapungua, ukabaki mchwichwiko wa mbali, na tambi zilizokuwa zinang'aa zikapoteza mng'ao na kusinyaa kidogo. Hapo ndipo akanipa chupa ya mafuta. Maji yakishatoka ndipo tambi hupokea mchuzi. Yakibaki, mchuzi unateleza juu yake kama mvua kwenye jani la mgomba.

6. Sasa tia ladha. Konjaki yenyewe haina ladha yoyote, kwa hiyo usiogope viungo. Kaanga kitunguu saumu na tangawizi, ongeza nyanya zilizoiva, pilipili, bizari, kisha kamba au dagaa waliooshwa vizuri, halafu tambi ziingie na kuchemka humo dakika kumi. Tui la nazi linakubali sana. Ndimu ikamuliwe mwisho.

7. Weka protini na mboga kwenye sahani hiyohiyo. Sahani ya tambi za konjaki na mchuzi mtupu itakushibisha saa mbili, kisha utaamka usiku kutafuta mkate.

8. Kula polepole, tafuna sana, na kunywa maji.

Kiasi gani? Pakiti nyingi ni za gramu 200 hivi. Wiki ya kwanza kula nusu pakiti, mara mbili au tatu tu kwa wiki hiyo. Tumbo ambalo halijazoea nyuzinyuzi litakujibu kwa gesi ukilishtua. Ukiona limetulia, endelea hadi pakiti nzima kwa mlo.

Kwa anayefunga Ramadhani, ninachoshauri ni kuila baada ya futari, ukiwa na usiku mzima wa kunywa maji. Daku si wakati wake: nyuzinyuzi zinazovuta maji, ukifuatisha saa kumi na tatu bila kunywa, ni choo kigumu kesho yake.

Kupika mche

Ni njia ileile: mwaga maji, osha, chemsha dakika tatu, kausha kwenye kikaango. Tofauti ni kwenye kukata. Usitumie kisu peke yake. Chukua kijiko au ukingo wa glasi, uumegue vipande vidogo vyenye uso wa mikwaruzo, visizidi ukubwa wa punje mbili za mahindi kama wanaokula ni wazee au watoto wakubwa. Uso uliokatwa laini kwa kisu haushiki chumvi. Ukipenda vipande bapa, vichanje kwa kisu pande zote mbili, mistari ya kukatana, kisha uvichome na kuvipaka ukwaju na pilipili. Hapa Japani hupakwa miso, rojo ya soya iliyochachushwa, na huuzwa vikiwa vimechomekwa kwenye kijiti kama mishikaki.

Kutumia unga kwenye mchuzi au uji

Hapa ndipo mizani inapohitajika. Unga wa konjaki si unga wa ngano. Kijiko kimoja kilichojaa kinaweza kugeuza sufuria nzima kuwa gundi.

1. Pima gramu 2 kwa kila nusu lita ya mchuzi au uji. Ukitaka uzito zaidi, ongeza siku nyingine, si leo.

2. Uchanganye kwanza na kitu kikavu au chenye mafuta: bizari, unga wa ulezi, au kijiko cha mafuta. Hii inazitenganisha punje zisishikane.

3. Nyunyiza kidogo kidogo kwenye maji ya baridi au vuguvugu huku mkono wa pili ukikoroga bila kusimama. Ukiutia kwenye mchuzi unaotokota, unashikana madonge papo hapo: nje ute, ndani unga mkavu.

4. Subiri dakika 15 hadi 20. Mwanzoni utaona kama haujafanya kitu na utashawishika kuongeza. Usiongeze. Unavimba taratibu.

5. Bandika motoni, chemsha dakika tano, onja, tumia.

Kanuni ya kushika ni kwamba unga uvimbe ndani ya sufuria, usivimbie ndani yako. Usiuchote na kijiko ukaulamba mkavu, usiukoroge kwenye glasi ukaunywa harakaharaka kabla haujatulia, na usimeze chochote cha konjaki ukiwa umelala au dakika chache kabla ya kulala.

Kutengeneza mche wako mwenyewe

Si lazima, ila wengi wanaoishi mbali na maduka ya vyakula vya Asia huniuliza. Unahitaji unga wa konjaki gramu 30, maji lita 1, na chokaa ya chakula gramu 1.5 hadi 2 iliyokorogwa kwenye mililita 100 za maji. Mara nyingi unga wa kutengenezea konnyaku huuzwa na kipakiti chake cha chokaa ndani. Chokaa ya kupaka ukuta ni mwiko. Chokaa ya tambuu nayo usiitumie, ingawa ni ya asili moja, kwa sababu huuzwa ikiwa rojo na mara nyingine imetiwa vitu vingine, huwezi kuipima. Vaa glavu za mpira, chokaa inachubua ngozi.

1. Nyunyiza unga kwenye maji vuguvugu huku ukikoroga. Endelea dakika tano hadi kumi, mpaka uwe kama uji wa kuchoteka kwa mwiko.

2. Funika, acha saa moja. Ukirudi utakuta umekaza kama ugali laini unaong'aa.

3. Ukande kidogo kwa mkono, kisha mimina maji ya chokaa yote kwa mara moja, ukande haraka na kwa nguvu. Hapa wengi hukata tamaa. Donge linakatika vipande vinavyoteleza, maji yanajitenga pembeni, unaona kama maziwa yaliyokatika na umeharibu kila kitu. Endelea kukanda. Baada ya dakika moja hivi vipande vinaanza kunatana tena, maji yanapotea, na rangi inageuka kidogo kuelekea kijivu au manjano. Harufu ya chokaa inapanda. Umefika.

4. Ubonyeze kwenye chombo cha bapa, utoe hewa, ulainishe juu kwa mkono wenye maji. Acha nusu saa.

5. Kata vipande, uvitie kwenye maji mengi yanayochemka, vichemke nusu saa. Chombo kiwe kipana visilaliane.

6. Mwaga maji, loweka kwenye maji safi, na uyabadilishe mara mbili kabla ya kupika.

Ukishafungua pakiti au kutengeneza mwenyewe, hifadhi ndani ya maji kwenye friji, ubadilishe maji kila siku, na umalize ndani ya siku tatu.

Mambo yakienda kombo

*Kitu kimekwama kifuani au kooni.* Ukishindwa kumeza hata mate, una maumivu ya kifua, au unapumua kwa shida, nenda hospitali sasa hivi. Usijaribu kukisukuma kwa maji zaidi wala kwa tonge la ugali, maana kilichokwama kinaendelea kuvimba. Waambie wahudumu jina la ulichomeza na saa uliyomeza, na uende na pakiti yake.

*Bado zinanuka.* Umeruka hatua ya kuchemsha, au umesuuza kidogo. Rudia, na safari hii tia kijiko cha siki kwenye maji ya kuchemshia.

*Mchuzi umekuwa majimaji dakika chache baada ya kupakua.* Tambi hazikukaushwa. Zinaachia maji yake ndani ya mchuzi. Rudisha kikaangoni, moto mkali, mpaka mchuzi ukaukie.

*Zinatafunika kama mpira.* Ndivyo zilivyo, na hazitalainika kwa kupikwa saa nzima. Zikate fupi zaidi, au changanya nusu kwa nusu na tambi za kawaida. Mume wa rafiki yangu alizikataa mwaka mzima, na sasa hula hivyo kila Ijumaa.

*Ziliganda kwenye friza.* Zimegeuka sponji, maji na nyuzi vimetengana. Hazina sumu. Mkoa wa Ibaraki, hukuhuku Japani, wana konnyaku ambayo hugandishwa na kukaushwa makusudi nje wakati wa baridi. Ziyeyushe, zikamue maji yote kama unavyokamua nazi, kisha uzipike kwenye mchuzi mzito. Zitanyonya mchuzi kama soya ya vipande.

*Unga umefanya madonge.* Chuja na utupe madonge. Usiyaponde ukayala, katikati yake kuna unga mkavu.

*Tumbo linajaa gesi na kunguruma.* Punguza nusu ya kiasi kwa wiki moja. Likiendelea, pumzika kabisa.

*Choo kimekuwa kigumu kuliko mwanzo.* Karibu kila mara ni maji. Ongeza maji, punguza konjaki. Siku tatu bila choo na tumbo linauma au unatapika: hospitali, na usinywe dawa ya kuharishisha kwanza.

*Mwili unatetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, na unatumia dawa za kisukari.* Sukari imeshuka. Kunywa juisi au maji yenye sukari mara moja, pima, kisha umpigie daktari wako kabla ya kugusa konjaki tena.

*Mche wa kutengeneza nyumbani haukushikana.* Pitisha kidole juu yake. Ukiteleza kwa ute, chokaa ilikuwa kidogo au hukuikanda ikaenea. Uchemshe dakika 20 zaidi. Ukibaki rojo, utupe. Usiongeze chokaa juu ya ule ulioanza kushikana, kwa sababu itakaa upande mmoja na utakula donge lake.